NAKALA MBILI ZA DAFTARI MOJA: Jinsi ya Kufundisha Utunzaji wa Kumbukumbu katika Kompyuta Mbili

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi aghalabu huingia darasani na mazoea ya kutaja jina la kitu kwanza, kisha maana yake, kisha mifano miwili mitatu, na mwisho maswali. Kwa mada nyingine utaratibu huo hauna madhara makubwa. Kwa mada tunayokusudia kuijadili katika makala haya, yaani jinsi kompyuta mbili zinavyotunza kumbukumbu zile zile kwa pamoja, utaratibu huo huliua somo kabla halijazaliwa. Kila chombo kinachotumika katika kazi hii kilibuniwa kwa sababu kulikuwa na tatizo la kukabiliwa, na mtoto asiyeliona tatizo hawezi kuona haja ya chombo. Kwa hiyo tutashauri mwalimu aanze na tatizo, awaache watoto wataabike nalo kidogo, na jina alitaje mwisho, kama analitaja.

Mfano wetu ni programu iitwayo DRBD. Ilianza mwaka 2000 ikiwa kazi ya diploma ya Philipp Reisner katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, nchini Austria. Baadaye Reisner na mwenzake Lars Ellenberg waliiendeleza kwa miaka mingi, na mwezi Februari 2010 ikaingizwa rasmi katika Linux, toleo la 2.6.33. Programu hii hufanya kazi ndani ya kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, mahali ambapo programu za kawaida haziingii. Programu inayotunza alama za mitihani, mathalani, hudhani kwamba inaandika katika diski ya kawaida iliyo mbele yake. Kumbe chini yake DRBD inakipokea kila kinachoandikwa, inakiandika katika diski ya hapo, na papo hapo inakipeleka kwa njia ya mtandao kikaandikwe katika diski ya kompyuta ya pili. DRBD haijui kama kinachopita ni jina la mtoto, picha, au hesabu ya ada. Inaona vipande tu, kila kipande na namba yake. Kompyuta ya kwanza ikiungua leo usiku, ya pili hushika zamu, na kumbukumbu zipo.

Watu wengi wakisikia habari hii hudhani kwamba kazi ngumu ni kunakili. Sivyo. Kunakili ni kama imla: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Ugumu huanza pale imla inapokatizwa katikati. Ni maneno gani yalikwisha kuandikwa? Yapi yaliachwa? Na ikiwa madaftari mawili yanatofautiana, lipi liaminiwe? Sehemu kubwa ya ufundi wa DRBD imo katika vijidaftari vidogo vya pembeni, vinavyotunza habari za mahali ambapo nakala mbili huenda zikatofautiana. Hivyo ndivyo tunavyotaka watoto wavigundue wenyewe.

Maandalizi

Hakuna haja ya kompyuta hata moja, na kwa darasa la tano au la sita ningeona afadhali isiwepo siku ya kwanza, kwa kuwa kioo cha kompyuta huvuta macho ya watoto na kuyaficha mambo haya haya tunayotaka wayaone. Mwalimu achore miraba katika karatasi mbili kubwa, kila karatasi iwe na mistari minane yenye vyumba vinane, jumla vyumba 64. Mistari ipewe herufi na vyumba vipewe namba, ili mtoto aweze kusema "C5" na kila mtu ajue ni wapi. Karatasi moja ibandikwe mbele ya darasa na ya pili nyuma. Ziwepo pia penseli na vifutio, vipande vidogo vya karatasi, mkoba, kadi chache ngumu na kiasi cha visoda.

Mtoto wa kwanza awe mwandishi wa zamu, naye anakaa mbele. Wa pili awe mwandishi wa akiba, anakaa nyuma. Wa tatu ni tarishi. Huyu anasimama badala ya mtandao. Darasa lililobaki ndilo programu: linaamuru kitu gani kiandikwe katika chumba gani. Sharti ni moja tu, nalo lisimamiwe kwa ukali: waandishi wawili wasisemezane wala kukonyezana ila kwa kupitia kwa tarishi. Sharti hili likilegea, somo lote linapotea, maana kompyuta mbili hazina njia nyingine ya kujuana hali.

Lini kazi imekwisha?

Darasa linaamuru: "B2, andika 47." Mwandishi wa zamu anaandika 47 katika karatasi yake, anaandika maneno hayo hayo katika kipande cha karatasi, anakitia katika mkoba wa tarishi. Sasa mwalimu aulize: ni wakati gani mwandishi wa zamu anaruhusiwa kuliambia darasa "imeandikwa"?

Watoto watagawanyika, na waachwe wagawanyike. Wengine watasema mara tu anapomaliza kuandika karatasi yake na kukabidhi ujumbe kwa tarishi. Wengine watasema mpaka tarishi afike nyuma na kuuweka ujumbe mezani. Wengine, wale waangalifu, watasema mpaka mwandishi wa akiba naye aandike na kurudisha jibu. Hizo ndizo taratibu tatu za DRBD, nazo zimepewa herufi A, B na C kwa mpangilio huo huo. Utaratibu C ndio unaotumika zaidi, kwa kuwa hakuna kinachohesabiwa kuwa kimekwisha kabla diski zote mbili hazijaandika. Utaratibu A huchaguliwa pale kompyuta mbili zinapokuwa katika miji iliyo mbali na kumngoja tarishi kila mara kungeichelewesha kazi. Bei yake watoto wanaweza kuiona kwa macho: mwalimu achane karatasi ya mbele wakati ujumbe ungali mkobani, amwambie tarishi aketi chini, kisha aulize 47 iko wapi. Darasa lilikwisha kuambiwa "imeandikwa", na haimo popote.

Tarishi anapougua

Hapa ndipo kiini cha somo, na mwalimu asiharakishe. Tarishi aambiwe kwamba ameugua, akae. Darasa liendelee kuamuru na mwandishi wa zamu aendelee kuandika, kama vyumba kumi hivi, viwili au vitatu kati yake viandikwe tena na tena. Kisha tarishi apone. Mwandishi wa akiba amepitwa. Afanyiwe nini?

Jibu la kwanza la watoto kwa kawaida ni kwamba anakili karatasi yote upya. Ni jibu sahihi, nalo lisikemewe, likadiriwe. Chukua diski ya terabaiti 1. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde hupitisha, hata ukiwa katika hali njema kabisa, megabaiti zipatazo 125 kwa sekunde. Kunakili diski yote kutachukua zaidi ya saa mbili na dakika ishirini, hata kama tarishi aliugua kwa dakika moja tu na vilivyobadilika ni vyumba kumi.

Jibu la pili huja kutoka kwa mtoto mwenye bidii: mwandishi wa zamu atunze foleni ya vipande vya karatasi, kila agizo kwa zamu yake, ili tarishi akipona azipeleke zote. Jibu hili ni zuri kuliko la kwanza, lakini lina mtego. Tarishi akiugua wiki nzima, foleni inarefuka bila kikomo, na meza haitoshi. Tena chumba kilichoandikwa mara kumi kina karatasi kumi katika foleni, ilhali ile ya mwisho tu ndiyo yenye thamani.

Mwalimu anyamaze. Kwa kawaida yupo mtoto atakayesema kwamba haina haja ya kukumbuka kilichoandikwa, kwa kuwa kimo katika karatasi ya mbele tayari. Inatosha kuweka alama ya vyumba vilivyoguswa. Akikosekana, mwalimu aulize tu: "Hiyo 47 ya mwisho tunaweza kuisoma wapi?" Basi darasa lichore mraba wa tatu, mdogo, wa vyumba 64 vitupu, na mwandishi wa zamu atie nukta kila anapoandika chumba wakati tarishi hayupo. Chumba kilichokwisha kuwa na nukta hakiongezewi nyingine. Tarishi akipona, vyumba vyenye nukta tu ndivyo vinavyonakiliwa, na kila kimoja kikinakiliwa nukta yake inafutwa.

Hiyo ndiyo ramani ya biti. Katika DRBD kila kipande cha kilobaiti 4 kina biti moja inayosema ama "sawa" ama "huenda si sawa". Hesabu yake inafaa sana kwa somo la hisabati siku inayofuata. Terabaiti 1, kwa kuhesabu kwa 1,024, ina vipande 268,435,456 vya kilobaiti 4. Biti 268,435,456 zikigawanywa kwa 8 ni baiti 33,554,432, yaani megabaiti 32 kamili. Daftari la kutunza tofauti za diski nzima linakuwa dogo kiasi cha kukaa lote katika kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, na halikui hata tarishi akiugua mwaka mzima.

Lakini kila uwekevu una bei yake, na mwalimu mwema huionyesha. Nukta hazisemi ni kipi kiliandikwa kwanza. Wakati wa kunakili vyumba vyenye nukta, tunakwenda kwa mpangilio wa namba za vyumba, hatufuati mpangilio wa maagizo. Mwalimu asimamishe unakili katikati na kulitaka darasa liisome karatasi ya nyuma. Si hali ya jana, kwa maana vyumba vingine vimekwisha kubadilishwa. Si hali ya leo, kwa maana vingine bado. Ikiwa chumba B2 kilikuwa na jumla ya ada na C5 kilikuwa na malipo ya mwisho, karatasi ya nyuma yaweza kuonyesha jumla mpya na malipo ya zamani. DRBD hutofautisha waziwazi hali hizi mbili: nakala iliyopitwa na wakati lakini yenye mpangilio kamili, na nakala iliyo nusu kati ya hali mbili. Ya kwanza ni daftari la jana, nalo laweza kusomwa likaeleweka. Ya pili haifai kusomwa na mtu yeyote mpaka unakili wake uishe, na DRBD haitaikubali ishike zamu. Watoto wengi hudhani kwamba nakala mpya zaidi ni bora siku zote. Zoezi hili huwaondolea dhana hiyo vizuri kuliko maelezo marefu ya ubaoni.

Limebaki swali moja dogo ambalo wanachuo hulisahau. Vipande vya karatasi vilivyokuwa mkobani wakati tarishi anaugua, vimefika au havikufika? Mwandishi wa zamu hajui. Kwa hiyo hapana budi atunze orodha ya kila alichotuma ambacho hakijapata jibu. Tarishi akiugua, vyumba vyote vilivyomo katika orodha hiyo hutiwa nukta, hata kama baadhi yake vilifika salama. Kunakili upya chumba kilichokuwa sawa hakuharibu kitu, bali kuacha chumba kilichopotea ni hasara. Orodha hiyo imegawanywa katika vipindi, kama ratiba ya shule. Maagizo ya kipindi kimoja yaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote, lakini mara darasa linapoambiwa "imeandikwa" kwa agizo mojawapo, yanayofuata huwa ya kipindi kipya, kwa maana huenda yalitolewa kwa sababu lile la kwanza limekwisha. Kati ya vipindi tarishi hupeleka ujumbe usio na agizo, tuseme kengele, na mwandishi wa akiba haanzi kipindi kipya kabla hajamaliza cha zamani na kujibu kengele hiyo. Majibu ya kengele yakirudi, kipindi kizima hufutwa katika orodha.

Mwandishi anaposinzia

Mpaka hapa aliyeugua ni tarishi. Sasa mwandishi wa zamu mwenyewe asinzie ghafla, na akiamka awe amesahau kila kitu kilichokuwa kichwani. Vilivyobaki ni vile tu vilivyo katika karatasi. Kompyuta inayokatikiwa umeme iko hivyo hasa. Darasa liulizwe: je, karatasi ya mbele na ya nyuma ziko sawa?

Huenda alikuwa amekwisha kuandika C5 mbele na ujumbe haujatoka. Ile orodha ya yaliyotumwa ilikuwa kichwani mwake, imepotea. Hakuna nukta, kwa sababu tarishi alikuwa mzima. Tofauti ipo, na hakuna anayejua iliko. Je, turudi kwenye kunakili karatasi yote? Saa mbili na dakika ishirini, kwa sababu ya umeme uliokatika nusu dakika?

Watoto watapendekeza kwamba mwandishi aandike katika daftari, kabla ya kugusa chumba chochote, "naenda kuandika C5", na akimaliza afute. Pendekezo hili ni sahihi, ila linaongeza mara mbili au tatu kazi ya kuandika. Mwalimu aweke saa mezani na darasa lipime: maagizo ishirini kwa njia ya kawaida, kisha maagizo ishirini kwa njia hii. Hakuna atakayebisha.

Suluhisho la DRBD linategemea tabia ambayo kila mwalimu anaifahamu: kazi ya mchana mmoja aghalabu hukaa katika kurasa chache. Badala ya kuandika chumba, mwandishi aandike mstari. "Leo nafanya kazi katika mstari B na C na F." Maadamu agizo linahusu mistari hiyo, haandiki neno jingine lolote, anaandika moja kwa moja. Likija agizo la mstari G, hapo ndipo anaposimama, anaongeza G katika daftari, kisha anaendelea. Akisinzia na kuamka, anasoma daftari na kutia nukta katika vyumba vyote vya B, C, F na G. Atanakili vingi ambavyo vilikuwa sawa, lakini hataacha kimoja kilichotofautiana, na mistari mingine haiguswi.

Katika DRBD mstari huo ni kitalu cha megabaiti 4, chenye vipande 1,024. Daftari la vitalu vinavyofanyiwa kazi, tuliite daftari la shughuli, katika toleo la 8.4 lina nafasi 1,237 kama msimamizi hakuagiza vinginevyo. (Namba hii haigawanyiki kwa namba yoyote ila 1 na yenyewe, watoto wenye kupenda hesabu wapewe kuithibitisha.) Vitalu 1,237 vya megabaiti 4 ni megabaiti 4,948. Kwa mtandao wetu wa gigabiti 1, kuvinakili vyote baada ya umeme kurudi huchukua chini ya dakika moja, kama diski zenyewe hazichelewi. Saa mbili na dakika ishirini zimekuwa chini ya dakika moja, na bei yake ni kuandika neno moja kila unapohamia kitalu kipya.

Nafasi zikijaa, yupi atolewe? Hapa ndipo kadi na visoda vinapohitajika. Mwalimu apange kadi nne mezani, kila kadi na herufi ya mstari. Kila mstari unapoguswa, kadi yake husogezwa kushoto kabisa. Hivyo kadi ya kulia kabisa ni ya mstari uliokaa muda mrefu kuliko yote bila kuguswa, na huyo ndiye wa kutolewa. Kila agizo linapoanza, kisoda kimoja huwekwa juu ya kadi ya mstari wake. Agizo likijibiwa na waandishi wote wawili, kisoda huondolewa. Kadi yenye kisoda hata kimoja haitolewi kamwe, hata kama iko kulia kabisa, kwa kuwa kuna kazi inayoendelea juu yake. Watoto wa darasa la tano huushika mchezo huu upesi. Nao, bila kuambiwa, wanacheza kile kile ambacho kerneli hufanya kwa orodha zake na hesabu ya watumiaji wa kila kitalu. Kabla kadi haijatolewa mezani, mwandishi ahakikishe kwamba nukta za mstari huo, kama zipo, zimeandikwa katika karatasi na si kichwani.

Waacheni pia wachague wenyewe idadi ya kadi. Kundi moja lipewe kadi mbili, jingine sita. La kadi mbili litachoka kwa kubadilisha kadi kila mara. La kadi sita litaandika kwa raha, lakini mwandishi wake akisinzia litanakili karibu karatasi yote. Hakuna idadi iliyo bora kwa kila mahali, na kwa maoni yangu ni vizuri mtoto wa miaka kumi na moja aujue ukweli huo mapema.

Waandishi wawili wa zamu

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Tarishi anaugua. Mwandishi wa akiba, akiona hajapata ujumbe muda mrefu, anadhani mwenzake amekufa. Anashika zamu. Nusu ya darasa iliyo karibu naye inaanza kumpa maagizo, nusu nyingine inaendelea na yule wa mbele. Wote wawili wanafanya kazi kwa uaminifu. Tarishi akipona, B2 ya mbele ina 50 na B2 ya nyuma ina 62. Wahandisi huiita hali hii ubongo uliogawanyika.

Kwanza, kompyuta zinajuaje kwamba jambo hili limetokea? Mtoto atasema watazame saa. Lakini saa mbili haziendi sawa, na iliyo mbele kwa dakika tano si lazima iwe ya kweli. Mwingine atasema kila karatasi iwe na namba ya toleo, na mwandishi anayeachana na mwenzake aongeze moja. Mwalimu alijaribu pendekezo hilo mbele ya darasa: wote wawili walikuwa toleo la 3, wakaachana, kila mmoja akaongeza moja, na sasa wote wawili wana 4. Wakikutana wataambiana kwamba wako sawa, na B2 zao zinatofautiana.

DRBD hutumia namba za kubahatisha za biti 64, ambazo si za kuhesabu moja, mbili, tatu. Kompyuta ya zamu inapoachana na mwenzake hujipatia namba mpya ya kizazi, na ile ya zamani huiweka pembeni kama namba ya pale walipoachana; zipo pia nafasi mbili za vizazi vya nyuma zaidi. Darasani kila mwandishi achore alama yoyote aipendayo juu ya karatasi yake, na alama ya zamani aihamishie pembeni. Wanapokutana, ulinganisho ni huu. Ikiwa alama ya sasa ya nyuma ni ile ile iliyo pembeni mbele, basi wa nyuma amepitwa tu, na ramani ya nukta yatosha kumsaidia. Ikiwa alama za pembeni ni moja lakini za sasa ni mbili mbalimbali, basi kila mmoja ameendelea peke yake kutoka mahali pamoja: ubongo umegawanyika. Ikiwa alama ya mmoja inaonekana tu katika vizazi vya nyuma vya mwenzake, hapana budi kunakili yote. Na ikiwa hakuna alama inayofanana popote, hizo hazikuwa nakala za daftari moja, na DRBD hukataa kuziunganisha.

Ubongo ukigawanyika, nani afutwe? Kama msimamizi hakuagiza lolote, DRBD hukata mawasiliano na kumngoja binadamu. Msimamizi anaweza kuweka kanuni: aachwe aliyeshika zamu mwanzo, au afutwe mwenye mabadiliko machache, au afutwe yule ambaye hakubadilisha kitu, kama yupo. Darasa lijadili kanuni hizi kwa kutumia daftari halisi la alama za mtihani. Mabadiliko machache yaweza kuwa alama za watoto watatu tu, ambao majina yao yatatoweka bila mtu yeyote kutaarifiwa. Naona uamuzi wa wahandisi wa kusimama na kungoja ni wa busara, ingawa unaudhi, na ningependa mwalimu asiufiche ubishani huu kwa kutoa jibu lake mapema.

Katika mjadala huo kutatokea mtoto atakayesema kwamba, kwa kuwa nakala ziko mbili, hakuna kinachoweza kupotea. Darasa limwamuru mwandishi wa zamu afute mstari D wote, tarishi akiwa mzima. Sekunde chache baadaye mstari D haupo mbele wala nyuma. Nakala ya namna hii hulinda dhidi ya diski iliyoharibika. Haimlindi mtu na agizo lake mwenyewe, na shule inayoitumia bado inahitaji nakala ya kando iliyofungiwa kabatini.

Kwa darasa lenye watoto wengi, makundi ya watu sita sita yatafaa, na hapo mwalimu anaweza kuongeza zoezi la mwisho. Toleo la 9 la DRBD huruhusu kompyuta zaidi ya mbili, na kanuni ya wingi: aliyetengwa na walio wengi husimama kuandika. Kundi liongezewe mtoto mmoja ambaye hana karatasi wala penseli, na tarishi wake wa kumfikia kutoka mbele na kutoka nyuma. Waandishi wawili wakikosana mawasiliano, anayeweza kumfikia huyo huendelea, kwa kuwa wao ni wawili kati ya watatu. Asiyemfikia huweka penseli chini. Mwalimu aulize kundi kazi ya mtoto asiye na daftari ni ipi, kisha amtoe, na mchezo urudiwe kuanzia pale tarishi alipougua.